Jumapili ya Tongoni

Jumapili ijayo wachukue watoto asubuhi mpande gari la Pangani, mshuke Tongoni, kilomita zipatazo 20 kusini mwa Tanga. Hapo, kando ya mikoko, yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengine yalijengewa nguzo za mawe na chokaa. Nguzo karibu zote zimekwisha anguka. Watoto wasipande juu ya kuta! Karibu na pwani hii, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake São Rafael, kwani maradhi yalikuwa yamemmalizia mabaharia. Fungueni chakula chenu kivulini, mngojee maji yajae. Ndipo mtakapoona jinsi bahari inavyokula ufuko na kuyasogelea makaburi.