Maji Kujaa na Maji Kupwa: Dhana ya Awamu na Uigaji wa Mawasiliano Kisiwani Mafia

Kisiwa cha Mafia kina historia ndefu ya ujumbe uvukao maji. Mwezi Januari 1915 Waingereza walikiteka kutoka kwa Wajerumani, na mwezi Julai mwaka huohuo kiwanja cha ndege kilichotengenezwa kisiwani kilitumika katika vita dhidi ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Manowari za Kiingereza, Severn na Mersey, zilipiga mizinga bila ya kuiona shabaha. Macho yao yalikuwa angani: ndege iliruka kutoka Mafia, ikatazama makombora yanakoangukia, na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa. Hata walipokuwa wakishuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg iliangamia.

Ujumbe wa Arnold ulikuwa wa nukta na vistari, yaani sauti na kimya. Udhaifu wa mtindo huo ni kwamba kimya kina maana mbili. Huenda kikawa sehemu ya ujumbe, na huenda kikawa dalili kwamba mtumaji amekwisha kuanguka. Wahandisi wa baadaye walitafuta njia ya kusema "ndiyo" na "siyo" bila ya kunyamaza hata mara moja. Mojawapo ya njia hizo ni kubadili awamu ya wimbi kwa hali mbili. Wimbi hutumwa muda wote kwa nguvu ileile. Linaloonyesha sifuri huanza kwa kupanda, na linaloonyesha moja huanza kwa kushuka. Tofauti yao ni nusu mzunguko, yaani nyuzi 180. Kwa wastani uleule wa nishati, na mpokeaji akiwa anaijua awamu, njia hii huipita ile ya sauti na kimya kwa desibeli 3. Ni kana kwamba mtumaji ameongezewa nguvu maradufu.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasoma mwanafunzi mmoja wa uhandisi, mzaliwa wa Kilindoni, aliporudi nyumbani likizo na kompyuta yake. Kazi yake ya mwaka wa mwisho ilikuwa kuiga mawasiliano hayo kwa programu. Uigaji wa namna hii ni rahisi kuueleza. Kompyuta hubuni mfuatano wa biti kwa bahati nasibu, ikazigeuza kuwa +1 na -1, ikaongeza makelele ya nasibu, kisha ikamtaka mpokeaji wa kubuni aamue: kilichofika kikizidi sifuri ni +1, kikipungua ni -1. Mwishoni makosa huhesabiwa na kulinganishwa na nadharia. Nishati ya biti ikilingana na makelele, yaani desibeli 0, nadharia hutabiri makosa 79 hivi katika kila biti 1,000. Kwa desibeli 4 hubaki 12 au 13. Kwa desibeli 9.6 ni kosa moja tu katika biti 100,000. Kwa hiyo anayetaka kuyaona makosa 100, ili hesabu yake iaminike, hana budi kutuma biti milioni 10. Mwanafunzi alizituma, na nukta zake zote zikalala juu ya mstari wa nadharia.

Jioni moja mjomba wake, nahodha wa mashua ya kuvukia Nyamisati, alimkuta barazani akiitazama michoro hiyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hayo mawimbi ni ya bahari ipi?"

Swali lilikuwa la mzaha, lakini jibu lilimshinda. Dhana zote alizifundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida katika sekondari na vyuo vikuu vya Tanzania. Neno "awamu" alilijua, ila mjombake alilijua kwa habari za serikali: awamu ya kwanza, awamu ya pili. Akaona heri aanzie baharini. Alisema: chukulia kwamba watu wawili wamepatana. Maji yakianza kwa kujaa, maana yake ni sifuri. Yakianza kwa kupwa, maana yake ni moja. Bahari ni ileile na urefu wa maji ni uleule. Kinachotofautiana ni mahali maji yalipo katika safari yake.

Mfano huo una mipaka, na ni haki kuitaja. Maji ya Mafia hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 25 hivi, ilhali wimbi la setilaiti za Marekani za kuonyesha mahali, zijulikanazo kwa herufi GPS, hupanda na kushuka mara milioni 1,575.42 kwa sekunde. Tena hakuna binadamu awezaye kuigeuza bahari ianze kupwa wakati wa kujaa. Hata hivyo, dhana yenyewe ilikuwa imefika, kwa sababu nahodha aliishi nayo. Anajua kwamba mwezi na jua vikivuta pamoja huja bamvua, na vikivuta kwa kukingamana huja maji mafu. Kwamba nguvu mbili zaweza kuwa zilezile, na matokeo yakatofautiana kwa sababu ya mpangilio wa nyakati zao, kwake si jambo la kufundishwa.

Ndipo alipouliza: "Na huyo apokeaye, nani amemwambia maji yalianza lini? Mtu akiamka usingizini chomboni akaona maji yamefika nusu ya mikoko, atajuaje kama yanajaa au yanapwa? Akikosea hapo mwanzo, mpwa wangu, si atakosea yote?"

Mwanafunzi hakuwa na jibu, na si kwa sababu swali lilikuwa gumu kulielewa. Katika programu yake mtumaji na mpokeaji walikuwa wakisoma saa moja. Mpokeaji alipewa awamu bure, bila ya kuitafuta. Nukta zake zililala juu ya mstari wa nadharia kwa kuwa nadharia hiyo nayo huchukulia kwamba mpokeaji anaijua awamu. Uigaji ulikuwa umethibitisha sharti ambalo wenyewe ulikuwa umelitia ndani.

Usiku ule aliibadili programu. Kwanza alimpotosha mpokeaji kidogo kidogo. Awamu ikikosewa kwa nyuzi 60, ukubwa wa kinachopokewa hupungua hadi nusu, hasara ya desibeli 6. Ikikosewa kwa nyuzi 90, hakibaki chochote ila makelele. Kisha alimpa mpokeaji njia ya kuitafuta awamu mwenyewe, kwa kitanzi kilichobuniwa na mhandisi wa Kimarekani John P. Costas na kuchapishwa mwaka 1956. Matokeo yake yalimtisha. Katika majaribio mengine makosa yalikuwa machache kama awali, na katika mengine, karibu nusu ya yote, takriban kila biti ilikuwa kosa. Kitanzi kilikuwa kimeipata awamu barabara, lakini kinyumenyume. Kitanzi hicho hakiwezi kutofautisha wimbi na kinyume chake: kila sifuri ilisomwa moja, na kila moja ikasomwa sifuri. Alikuwa mtu yule aliyeamka chomboni.

Kuna dawa mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kuuweka ujumbe katika mabadiliko badala ya hali yenyewe: awamu ikigeuka ni moja, isipogeuka ni sifuri. Gharama yake ni kwamba biti moja ikipokewa vibaya huharibu mabadiliko mawili, na hivyo makosa huongezeka karibu maradufu. Ya pili ni kutanguliza alama inayojulikana na pande zote mbili. Ujumbe wa kawaida wa GPS hufanya hivyo: kila baada ya sekunde 6 hutanguliza biti nane, 10001011. Mpokeaji akiziona kama 01110100, hutambua kwamba anasoma kinyume, naye huyageuza yote yanayofuata.

Asubuhi alimweleza mjombake dawa hiyo ya pili. Nahodha hakushangaa. Alisema kwamba ndiyo maana mtu hutia alama kwenye mti, akangoja kidogo, akatazama tena.

Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kama chuo kilivyotaka. Ilikuwa na sura moja zaidi ya ilivyopangwa, nayo ilihusu mpokeaji asiyeijua awamu. Mikoko, chombo na mpwa wa nahodha havikutajwa humo.

Mjadala wa Kiswahili na sayansi aghalabu huishia kwenye orodha za istilahi. Orodha hizo zina kazi yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua muhimu. Lakini katika kisa hiki neno halikukosekana; "awamu" lilikuwapo. Kilichokosekana ni mazungumzo ambamo neno hilo lingeulizwa maswali na watu wanaoijua maana yake kwa kazi ya mikono yao. Mwanafunzi alidhani kwamba anatafsiri kwa ajili ya mzee asiyesoma. Ilipobidi aseme alichokijua kwa lugha ya nyumbani, ndipo alipogundua asichokuwa amekijua.

Likizo ilipokwisha alivuka kwenda Nyamisati katika mashua ya mjombake. Waliondoka maji yakiwa nusu. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha aliutazama mti mmoja wa pwani kwa muda, bila ya kusema neno.