Kliniki ya Mjamzito Nayo Ina Msimu Wake

Ndugu mkulima, wapo wanaoniuliza afisa ugani anahusikaje na kliniki ya wajawazito. Nahusika, kwa sababu wengi ninaokutana nao huku Tabora wanachelewa kliniki kwa ajili ya shamba. Kupandikiza tumbaku, kupalilia mahindi, kuchuma, kukausha. "Tutaenda kazi zikipungua," wanasema. Kazi hazipungui, tumbo linakua.

Msimu uliopita nilimkuta mama mmoja akifunga majani karibu na bani. Mimba ilikuwa ya miezi saba na hajapimwa hata mara moja. Haumwi popote, alisema. Tulizungumza na mumewe, kesho yake wakaenda zahanati. Presha ilikuwa juu sana, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Yeye na mtoto wapo salama. Lakini jifunze hapo: presha ya mimba mara nyingi haiumi mwanzoni, huonekana kwenye kipimo. Ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba, nacho kinaua.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kwa nini mapema? Wewe unajua mbolea ya kukuzia. Ukikosa wiki zake, huwezi kufidia kwa kumwaga mifuko miwili mwezi ujao. Dawa ya SP ya kukinga malaria ni hivyohivyo. Huanza mwezi wa nne, na dozi hupishana angalau mwezi mmoja. Anayeanza kliniki mwezi wa saba ameshakosa dozi kadhaa, wala hapewi mbili kwa mpigo. Na mvua zetu za Novemba hadi Aprili ndizo zenye mbu.

Fanya haya:

1. Mkihisi mimba, nendeni wote wawili. Mtapimwa virusi vya UKIMWI na kaswende. Mama atapimwa presha, damu na mkojo, na kupewa vidonge vya kuongeza damu.

2. Mjamzito asichume wala kufunga majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande. Nikotini hupenya kwenye ngozi. Asipulizie dawa za wadudu, wala asifue nguo za mpuliziaji.

3. Malipo ya tumbaku yakiingia, au ukifunga hesabu za gulio, tenga nauli ya kliniki na ya siku ya kujifungua kabla ya matumizi mengine.

4. Damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, homa, au mtoto kuacha kucheza: usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Usafiri wa dharura kwa mjamzito unaombwa kwa kupiga 115, bure.

Tumbaku ikiharibika, mwaka ujao utapanda tena. Mama wa nyumba hiyo hapandwi tena.