Saa Moja Inayokatwa Usingizini

Aliyelelewa karibu na Ikweta hujifunza mapema kwamba saa hulifuata jua. Kukipambazuka ni saa kumi na mbili. Jua likipanda kidogo, ni saa moja. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya uzamivu, nilistaajabu sana usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, ilipotimu saa nane na papo hapo ikawa saa tisa, kwa nguvu ya sheria.

Nililipuuza jambo hilo. Saa moja ni kitu gani? Jumatatu niliamka kichwa kizito, nikapanda baiskeli kwenda chuoni, nikapita taa nyekundu bila kuiona. Dereva mmoja alikanyaga breki; gari likasimama hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Hakunitukana. Alinitazama kwa macho yaliyojaa usingizi kama yangu.

Jioni nilimsimulia jirani yangu, dada wa Kikenya aliyekuwa mwuguzi wa zamu za usiku katika makao ya wazee. Akacheka kidogo. "Kaka, wewe ulilala. Mimi Machi zamu yangu hupungua saa moja, lakini Oktoba saa hiyo hurudi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Na wazee wangu hawaelewi kwa nini wanaamshwa mapema kunywa dawa."

Kisa changu si ushahidi, lakini ushahidi upo. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba mishtuko ya moyo huongezeka kwa takriban asilimia 5 katika wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta ajali za barabarani zenye vifo zikiongezeka kwa takriban asilimia 6 katika wiki hiyo. Mwingine, wa mwaka 2009, ulionesha kuwa migodini majeraha huwa mengi na mabaya zaidi Jumatatu ile. Sababu yake ni kwamba mwili una saa yake ya ndani, na mwanga wa asubuhi ndio huirekebisha. Sheria husogeza mshale, jua halisogei.

Ujerumani ilianza utaratibu huu mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa nia ya kuokoa nishati. Hatua ya dharura ya vita ikaja kuwa desturi ya wakati wa amani. Mwaka 2018, Tume ya Ulaya ilikusanya maoni ya wananchi; katika majibu yapatayo milioni 4.6, asilimia 84 yalitaka utaratibu huo ukomeshwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura uishe mwaka 2021. Mwaka huo ulipita na saa zikaendelea kubadilishwa, kwa kuwa nchi wanachama hazikuafikiana. Wote wanakiri kuna madhara, ila uamuzi hauna mwenyewe. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaifahamu vyema hali hiyo.

Sisi hatusogezi mishale. Hata hivyo, mtoto wa Dar es Salaam anayeamshwa saa kumi alfajiri kuwahi basi la shule naye hukatwa usingizi wake, si siku moja kwa mwaka, bali kila siku ya masomo. Wenzetu angalau wameipima hasara yao. Yetu tunaiita bidii.

Anayepanga ratiba aghalabu si yule anayeamka gizani. Basi, kila mwenye kalamu ya kupanga saa za shule, zamu za hospitali au safari za mabasi ajiulize kabla ya kutia saini: saa hii ninaikata katika usingizi wa nani?