Safari Yangu ya Victoria

Nilipokuwa mtoto nalisikia wazee wa kwetu wakilitaja jina la Shelisheli kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja kaburi. Kwa watu wengi wa Mombasa shelisheli ni tunda tu, lile la kuchemshwa au kukaangwa, linaloitwa kwa jina moja na visiwa vile. Lakini nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa na maana nyingine.

Bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyeishi zamani za utumwa, alitekwa huko bara akali mtoto, yeye na kaka yake. Wakatembezwa kwa miguu siku nyingi hata wakafika Kilwa. Huko pwani wakatengwa, huyu akatiwa katika jahazi hili, na huyu katika jahazi lile. Jahazi la bibi likakamatwa na manowari ya Waingereza, na mwishowe yeye akaletwa Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa. Lakini jahazi la kaka yake halikuonekana tena. Baadaye bibi akasikia ya kuwa watu wa majahazi mengine walishushwa katika visiwa vya Shelisheli, basi akashika neno hilo mpaka kufa kwake. Kila alipoulizwa habari za kaka yake, alijibu, "Yuko Shelisheli."

Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu mwaujua. Walakini mpwa wangu, ambaye naye ni mwalimu, alipata kazi katika skuli moja huko Shelisheli, akaniandikia barua akisema, "Mjomba, njoo uone mahali tulipopasikia utotoni." Nikaweka akiba miaka mitatu, na wakati wa likizo nikasafiri.

Nalipanda eropleni Nairobi, na kwa muda wa saa tatu hivi nikawa nimefika kisiwa cha Mahé, kilicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya nchi ile. Nilipotazama chini njiani sikuona kitu ila maji. Kutoka Mombasa mpaka Mahé ni zaidi ya kilometa 1,700, na karibu njia yote ni maji matupu. Nikawaza habari za wale waliovuka maji hayo bila kujua waendako, nikafunga kitabu nilichokuwa nikisoma.

Mpwa wangu alikuwa akiningoja uwanjani. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akachukua mzigo wangu, tukaenda Victoria.

Ningependa muuone mji ule kwa macho yenu wenyewe. Ni mji mkuu wa nchi nzima, lakini ni mdogo. Mtu aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja akarudi kunywa chai. Mbele yake ni bahari, na bandari yake imekingwa na visiwa vidogo, kama vile Sainte Anne na Cerf, hata mawimbi makubwa hayaingii. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta. Si milima ya udongo kama ya kwetu, ni majabali makubwa ya mawe magumu, nayo yamevikwa msitu. Mmoja waitwa Trois Frères, maana yake Ndugu Watatu, nao wainuka juu ya paa za nyumba kadiri ya meta 699. Mrefu kuliko yote ni Morne Seychellois, meta 905. Mawingu hukaa vileleni, na mvua hushuka mara kwa mara, kisha jua huwaka tena kana kwamba hapakuwa na neno.

Katikati ya mji kuna mnara mdogo wa saa, uliosimamishwa mwaka 1903 kwa kumkumbuka Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye mji umeitwa kwa jina lake tangu mwaka 1841. Karibu na hapo ni soko. Humo nikaona jodari, mdalasini, nazi, na yale mashelisheli yenyewe, nikacheka peke yangu.

Visiwa hivi zamani havikuwa na wenyeji. Wafaransa walifanya makao huko mwaka 1770, wakaja na watumwa kulima mashamba. Baadaye nchi ikawa mikononi mwa Waingereza, mpaka ilipopata uhuru tarehe 29 Juni 1976. Kwa hiyo watu wake wa leo wametoka pande nyingi, Afrika, Ulaya na Asia, na lugha yao, Kikrioli, imejengwa zaidi kwa maneno ya Kifaransa. Sikufahamu neno hata moja sokoni. Lakini mzee mmoja aliponionyesha chombo chake cha muziki cha uzi mmoja na kibuyu, nikamwuliza jina lake, akasema, "Zez." Nikashtuka. Ni zeze! Watu wale walinyang'anywa nchi yao na lugha yao, lakini neno hili walivuka nalo. Kadhalika wana ngoma yao, moutya, na kabla ya kuipiga huipasha moto ngozi yake, kama tufanyavyo sisi.

Siku ya tatu mpwa wangu akanichukua juu mlimani kwa barabara ya Sans Souci. Njia yapinda-pinda sana msituni, na harufu ya mdalasini wa porini ilikuwa ikitufuata. Tulipokuwa tumepanda muda, tukafika mahali panapoitwa Venn's Town, na sasa watu hupaita Mission Lodge. Hapo nalivua kofia yangu.

Sikilizeni habari za mahali pale. Tangu mwaka 1861 manowari za Waingereza, zilipokamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu, zilikuwa zikishusha baadhi ya watu katika kisiwa cha Mahé. Katika miaka iliyofuata walishushwa zaidi ya 2,000, na wengi walikuwa watoto. Waliambiwa kwamba ni watu huru, lakini hawakurudishwa kwao. Wakubwa waliandikwa kazi kwa mkataba katika mashamba ya wenye nchi. Ndipo mwaka 1876 wamisionari wa C.M.S. walipofungua skuli huko mlimani kwa ajili ya watoto wa watu hao waliokombolewa. Watoto walilala huko, wakajifunza kusoma na kuandika, wakalima shamba. Mwanamke mmoja Mwingereza, mchoraji mashuhuri, jina lake Marianne North, alifika mwaka 1883, akachora picha za mahali pale. Mwaka 1889 skuli ikafungwa.

Sasa yamebaki magofu tu: misingi ya mawe, vipande vya kuta vyenye kuota kuvu, na miti mikubwa inayodondosha maji. Nikatembea katikati ya misingi hiyo polepole. Mimi nimefundisha zaidi ya miaka ishirini, nami nilitambua upesi ukubwa wa chumba cha watoto. Nikasimama pale nilipodhani pangefaa kusimama mwalimu.

Kisha tukaenda mahali pa kutazamia. Hapo mlima waisha ghafula, na mbele yako waona mabonde ya kijani, ghuba, na bahari isiyo na mwisho. Watu wanasema kwamba ni mahali pazuri kuliko pote kisiwani, nami sikatai. Lakini nilitazama jua, nikaona ya kuwa twaelekea machweo. Upande huo huo ndiko kwetu. Mombasa iko huko, karibu sawasawa na mstari wa jua lizamapo.

Basi nikafahamu jambo ambalo sikulifahamu nilipokuwa mjini. Mimi nilifurahia milima na bahari kwa sababu nilikuwa na tikiti ya kurudi mfukoni. Mtoto wa skuli ile, ambaye aliletwa toka pwani yetu au wazazi wake waliletwa, alitazama milima hiyo hiyo na bahari hiyo hiyo, na kwake zilikuwa kuta mbili. Angetoroka, angekwenda wapi? Aliweza kuona upande wa kwao kila jioni, asiweze kwenda.

Mpwa wangu akanyamaza muda, kisha akasema, "Mjomba, katika nyumba ya kumbukumbu za serikali mna hati za zamani za watu walioshushwa hapa. Kesho twaweza kwenda kuuliza. Tutafute jina gani?"

Nikafungua kinywa nimjibu, nikakosa la kusema. Jina la bibi twalijua. Ndugu yangu mmoja alimwita binti yake kwa jina hilo. Lakini jina la kaka yake hatulijui. Bibi alilitaja maisha yake yote, wazee wakalisikia, wala hapana aliyeliandika. Wengine walidhani kwamba fulani analikumbuka, na fulani alikuwa amekwisha kufa. Nimesafiri zaidi ya kilometa 1,700 kumtafuta mtu, nami sikuwa na jina lake.

"Hatulijui," nikamwambia.

Hatukwenda. Tulikaa pale mpaka jua likazama, kisha tukashuka mjini, na taa za bandarini zilikuwa zikiwaka.

Wanafunzi wangu, mtaniuliza, "Mwalimu, safari yako ilikuwa na faida gani?" Nawaambieni, faida yake ni hii. Niliporudi nalinunua daftari jipya, nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye sasa ni mzee sana, nikakaa chini miguuni pake siku mbili, nikaandika kila jina alilolikumbuka la watu wa ukoo wetu. Yalikuwa majina 43. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika jina la bibi, na kando yake nimeacha mstari mtupu.

Ninyi mwajua kuandika, na wale watoto wa mlimani walijifunza kazi hiyo hiyo mnayojifunza. Basi jioni ya leo nendeni kwa babu zenu na bibi zenu, mwaamkie kwa adabu, mwaulize majina ya wazee wao na ya ndugu za wazee wao, hata wale waliopotea. Yaandikeni vema. Kesho asubuhi nitayatazama madaftari yenu.