Msomaji wa Saa Nane Usiku

Nikisema kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta, wapenzi wenzangu wa riwaya hunitazama kwa huruma kidogo, kama mtu aliyesema anahesabu misumari kiwandani. Kisha mmoja huuliza kwa upole kama huwa naandika pia. Naandika, namjibu, naandika majaribio. Hapo kila mtu hucheka na mazungumzo hurudi kwenye vitabu. Safari hii nitang'ang'ania hapohapo, kwa sababu naamini kazi hii ina undugu wa karibu na kusoma kuliko watu wanavyodhani, na kwa sababu mwaka huu nusura ifanye kibarua cha mtu kiote nyasi.

Kampuni yetu ni ndogo, ipo Dar es Salaam, na tunatengeneza programu ya kuandikia. Watu huitumia kwa shajara, mashairi, kumbukumbu za vikao vya harusi, na wapo wachache wanaoandika riwaya nzima kwa kidole gumba. Inatakiwa ifanye kazi sawasawa kwenye simu za Android na iPhone, na kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux. Mchana kutwa vijana wetu hubadilisha msimbo, huyu huku, yule kule. Ikifika saa nane usiku seva hukusanya mabadiliko yote, huiunda programu upya tangu mwanzo kwa kila jukwaa, halafu huanza kuijaribu. Inafungua, inaandika aya, inahifadhi, inafunga, inafungua tena, inalinganisha kilichomo na kilichopaswa kuwemo. Mamia ya mara, bila binadamu kushika kitu. Asubuhi tunakuta ubao wa rangi. Kijani maana yake limefaulu, nyekundu limefeli.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Mifumo ya Unix ilikuwa na kron, mtumishi anayeamka saa uliyompangia, tangu miaka ya 1970. Mozilla, wanaotengeneza Firefox, walikuwa na ubao wao ulioitwa Tinderbox, yaani kiboksi cha vifaa vya kuwashia moto, na toleo likishindikana kuundwa walisema mti unaungua. Napenda sana kwamba watu wa kompyuta, wanaodhaniwa wakavu, walipotafuta neno la kushindwa waliishia kwenye picha ya mti na moto.

Na niseme mapema, sina ugomvi na mashine. Nimewahi kuifanya kazi hii kwa mkono miaka miwili: vifaa vitano mezani, orodha moja ya mambo ya kubonyeza, kila siku ileile. Kufika Alhamisi macho yanatazama lakini hayaoni tena. Mtu asikuambie kuwa uchovu ule una utu ndani yake.

Mashine ya usiku ilinithibitishia thamani yake kwa jambo ambalo hakuna mtu wa mchana angeliona. Tulikuwa na jaribio moja la shajara. Linaandika ingizo jipya, kisha linakagua kama tarehe iliyobandikwa ni ya leo. Kila usiku lilifeli. Kila asubuhi saa tatu kijana mmoja alilirudia, likafaulu. Baada ya wiki mbili likapewa jina la "mwongo", na ofisini pakaanza mazungumzo ya kulizima.

"Dada, lizime tu. Linatuchafulia ubao."

Nikamwomba asubiri. Seva zetu ziko Ulaya na zinafuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nane usiku ya Dar, kule ni saa tano usiku ya siku iliyopita. Jaribio lilikuwa linauliza siku kwa saa ya hapa, programu inabandika siku kwa saa ya kule. Likirudiwa asubuhi pande zote mbili zimeshaingia siku moja, na kasoro inajificha. Kumbe kila mtu aliyeandika shajara yake kati ya saa sita usiku na saa tisa alikuwa anabandikiwa tarehe ya jana. Nani huandika saa hizo? Wauguzi wa zamu. Walinzi. Waliofiwa. Wanaotunga mashairi, bila shaka. Jaribio lililoitwa mwongo ndilo peke yake lililokuwa macho pamoja nao.

Sasa nije kwa mzee wetu. Jina lake silitaji, hapendi. Alikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapaji tangu enzi za herufi za risasi, akastaafu, akaja kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Vijana wanampa shikamoo, anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye skrini. Kazi yake ni kutumia programu, basi. Hana orodha. Ana daftari la mistari, kalamu ya wino mwekundu, na tabia ya kuandika barua ndefu kwa watu ambao sijui kama wapo.

Siku moja akaniita. "Mwanangu, hebu nitafutie ng'ombe wangu."

Alikuwa ameandika kisa kwenye iPhone, kisa cha ng'ombe waliovuka mto, halafu akakifungua kwenye kompyuta ya Windows. Akaandika "ng'ombe" kwenye kisanduku cha kutafuta. Programu ikajibu kuwa hakuna. Ng'ombe wamejaa ukurasani, mbele ya macho yetu, na programu inasema hakuna.

Waandishi wa Kiswahili, sikilizeni hapa, hili ni lenu. Ile ritifaa ya ng' si alama moja, ni familia. Ipo iliyonyooka na ipo iliyopinda. Kwa jicho ni ndugu. Kwa kompyuta moja ni namba 39 na nyingine ni namba 8217, na hazijuani. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda yenyewe ukiandika kwa kibodi ya Kiingereza, ambayo ndiyo wengi wetu tunaiandikia Kiswahili. Kisanduku cha kutafuta cha kompyuta kilipokea iliyonyooka. Kwa hiyo ng'ombe wa simu na ng'ombe wa kompyuta walikuwa maneno mawili. Kwa Mwingereza ritifaa ni kikolombwezo cha kuunganishia maneno au kuonyesha umiliki; kwetu ni sehemu ya sauti, ni kama kumnyang'anya mtu herufi.

Je, hatukuwa na jaribio la kutafuta "ng'ombe"? Tulikuwa nalo, kwenye majukwaa yote matano, na lilikuwa kijani. Ila skripti haigusi kibodi kama mtu. Inamwaga maneno moja kwa moja kwenye ukurasa, na ritifaa haipindi. Tena kila jukwaa lilijaribiwa peke yake: Android kwa Android, Windows kwa Windows. Mzee aliandika huku akasoma kule, kwa sababu simu yake iliisha chaji.

Hakuishia hapo. Aliniletea shairi la tarbia lililohifadhiwa kama maandishi matupu kwenye Linux, akalifungua kwenye kompyuta kuukuu ya Windows kwa Notepad. Mistari yote kumi na sita ilikuwa imeungana kuwa mmoja, vina vimezikwa katikati. Chanzo ni cha kale. Windows imezoea kumalizia mstari kwa alama mbili, moja ya kurudi mwanzo na moja ya kushuka chini, urithi wa mashine za simu za maandishi. Linux hutumia ya kushuka tu. Notepad haikuielewa ile moja hadi mwaka 2018. Nilipomweleza alicheka, akaniigizia kwa mikono: kiganja kinasukuma kichwa cha mashine ya taipu kurudi mwanzo wa mstari, kidole kinazungusha karatasi. "Kumbe mkono wangu bado umo humo ndani," akasema. Kisha akauliza kama tunajua kuwa ng' haikatwi mwisho wa mstari, maana alikuwa ameshaona "ng-" juu na "ombe" chini na ritifaa ikining'inia kama kunguni ukutani. Hatukuwa tunajua.

Katikati ya mwaka mkataba wake ukafika mwisho. Ofisi ikaniomba ripoti fupi: majaribio ya usiku yanafanya nini, mzee anafanya nini. Nilisoma ile barua pepe mara mbili nikaelewa ilitaka kusikia kwamba kazi ni moja na mmoja kati yao halipwi mshahara. Aliyeiandika si mtu mbaya. Fedha zilikuwa ngumu kweli, na ubao ulikuwa wa kijani kwa wiki ya tatu mfululizo.

Kwetu kila jaribio huanza na mstari unaoeleza limetokea wapi. Nikakaa jioni mbili, nikayasoma yote kama mtu anavyosoma tanbihi za kitabu, nikayapanga kwa chanzo. Yaliyobuniwa na sisi kwa kukaa na kufikiri yalijaza ukurasa mmoja na nusu. Malalamiko ya watumiaji, ukurasa mmoja. Yaliyotoka kwenye daftari la wino mwekundu, kurasa tatu. Ng'ombe yumo. Tarbia imo. Kila usiku mashine inarudia, bila kuchoka, mshangao ambao mzee aliupata mara moja tu.

Hilo ndilo nililoandika kwenye ripoti, kwa maneno makavu zaidi. Jaribio ni msomaji anayerudia kusoma. Anajua kila ukurasa kwa moyo na neno likibadilika atapiga kelele, jambo ambalo mimi na wewe, kwa kitabu tulichokisoma mara ishirini, hatuliwezi. Ila hawezi kusoma mara ya kwanza. Mwaka 1969, kwenye mkutano wa uhandisi wa programu uliodhaminiwa na NATO jijini Roma, Mholanzi Edsger Dijkstra alishasema kuwa majaribio huonyesha uwepo wa kasoro na si kutokuwepo kwake. Nilimtaja kwenye ripoti, kwa kuwa ofisi husikiliza zaidi ikisemwa na profesa wa mbali. Kijani, nikaandika, haina maana ya kuwa programu ni nzima. Ina maana ya kuwa hatujaumia tena pale tulipowahi kuumia.

Sitadai kuwa ripoti ilishinda. Walikutana nusu njia: siku mbili kwa wiki, na malipo ya siku mbili. Mimi niliona ni dharau na nikamwambia hivyo. Yeye alikunja barua akaitia mfukoni.

"Siku mbili si haba, mwanangu. Ila hao wadudu wenu nao waambieni waje Jumanne na Alhamisi."

Wadudu, ndivyo vijana wanavyoziita kasoro.

Bado nina hasira kidogo, na sioni sababu ya kuificha. Wanaotunza vitabu vyetu wamepungua kwa namna hiihii. Msahihishaji alitolewa kwenye magazeti kwanza, tukaambiwa kompyuta itakagua tahajia, na programu nyingi hadi leo zinapigia mstari mwekundu nusu ya maneno ya Kiswahili sanifu na kuliacha kosa halisi likipita limevaa suti. Atakayetazama mara ya kwanza ndiye wa gharama, kwa sababu huwezi kuonyesha kwenye jedwali alichokuwa anakaribia kukiona.

Alhamisi iliyopita mzee alikuwa zamu. Kwenye kompyuta ya Linux alikuwa ameandika hadithi fupi ya mtoto anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi na kugonga mlango, akaipa jina "Nani Huyo?" na kuihifadhi. Windows ilipoletewa faili hilo ikalikataa. Windows haikubali alama ya kuulizia kwenye jina la faili, wala nukta mbili, wala nyota. Programu yetu haikusema chochote. Hadithi ilionekana Linux na haikuonekana upande wa pili, kimya kabisa. Kijana mmoja akapendekeza tuibadilishe alama hiyo iwe mstari wa chini. Mzee akamtazama.

"Mjukuu wangu, nimeandika swali. Wewe unataka kumwekea mlangoni kipande cha ubao?"

Tumebishana hadi jioni. Inawezekana kuficha jina halisi ndani ya faili na kulionyesha kwenye orodha, lakini hiyo ni kazi ya wiki mbili na majukwaa yote matano yataguswa. Wakati huohuo nimeandika jaribio: linaunda faili lenye kichwa chenye alama ya kuulizia upande mmoja na kulitafuta upande wa pili. Mstari wake wa kwanza unasema limetoka kwenye daftari gani, ukurasa gani. Usiku huo saa nane lilikimbia kwa mara ya kwanza. Hadi leo Jumatatu ubao una doa jekundu, safu ya Windows, na hakuna aliyeniambia nilizime.