Swali la Mwomba Kazi

Uungwana wa mtoto, kama tulivyofundishwa huku Nyakach, ni kuwasikiliza wakubwa wanenapo na kujibu anapoulizwa. Fundisho hilo ni jema, wala sitaki kulivunja. Lakini pana mahali pamoja ambapo kijana akilishika kupita kiasi hujidhulumu nafsi yake. Mahali hapo ni mbele ya meza ya usaili, pale wakubwa wamalizapo kumhoji na kumwambia, "Je, nawe una swali?" Wengi hujibu, "Sina," wakashukuru, wakatoka.

Hapa Pap Onditi hakuna anunuaye ng'ombe kwa kutazama rangi ya ngozi tu. Mnunuzi humfunua kinywa ahesabu meno, humtembeza aone kama anachechemea, huuliza amezaa mara ngapi na kwa nini anauzwa. Muuzaji haoni kuwa ametukanwa. Humheshimu mtu ajuaye ng'ombe. Basi amchunguzaye hivyo mnyama mmoja, atatoaje miaka ya ujana wake kwa kazi asiyoiuliza hata neno moja? Usaili ni mizani yenye vitanga viwili: mwajiri humpima mwombaji, na mwombaji humpima mwajiri.

Nilipotoka chuo cha ualimu niliitwa katika shule moja ya binafsi. Nilipopewa nafasi niliuliza mambo matatu: vipindi vingapi kwa juma, mshahara hulipwa tarehe gani, na kama nitapewa mkataba ulioandikwa. La kwanza lilijibiwa upesi. La pili lilileta kicheko. La tatu lilileta hasira. Niliambiwa kuwa mwalimu mwenye wito haulizi karatasi. Nilikuwa na haja kubwa, kwani baba alikuwa ameuza fahali wawili kwa karo yangu. Hata hivyo nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mama alininyamazia siku mbili. Mwenzangu aliyeipokea nafasi ile alifundisha mihula miwili, akalipwa mmoja.

Swali lile halikuwa kiburi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe, na ndani yake itajwe kazi yenyewe, mahali pake, saa zake na malipo yake. Tena inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Aulizaye yaliyomo katika sheria haombi fadhila.

Lakini swali nalo lina adabu yake. Usiulize lililokwisha andikwa katika tangazo, maana utaonyesha kuwa hukusoma. Usitangulize likizo kabla ya kazi. Anza na kazi yenyewe: atakayeishika atatazamiwa kutimiza nini katika mwaka wa kwanza? Nani atampima, na kwa kipimo gani? Aliyeishika kabla yake aliondokea nini? Kisha ndipo uje kwenye malipo na mkataba, kwa sauti ile ile ya utulivu.

Miaka kadhaa baadaye niliketi upande wa pili wa meza, shule yetu ilipotafuta mtunza maabara. Waombaji wanne walisema hawana swali. Wa tano, binti mpole, aliuliza, "Vifaa vya maabara vilihesabiwa lini mara ya mwisho, na nani aliweka sahihi?" Wasaili tulitazamana, daftari likaitwa. Kwa swali moja alikuwa ametuonyesha anavyofikiri mtu atunzaye mali ya wengine. Kazi akapewa yeye.

Vijana, kazi ni chache na wazitakao ni wengi. Nami najua njaa haingoji. Pengine siku moja mtaipokea kazi ambayo majibu yake hayakuwapendeza. Si aibu. Lakini ingieni mkiwa mmekwisha kuyasikia majibu hayo, mjue mnachokubali na mjue la kudai baadaye. Kuuliza si ujinga.