Mombasa Ng'ambo ya Maji

Mgeni afikaye Mombasa kwa mara ya kwanza huonyeshwa Ngome ya Yesu, vichochoro vya Mji wa Kale na yale mapembe makubwa ya Barabara ya Moi, kisha hurudi kwao akidhani ameuona mji. Kumbe ameona kisiwa tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Mombasa nzima ilikuwa na watu 1,208,333, na kati yao 154,171 tu ndio waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani. Basi katika kila watu wanane wa Mombasa, karibu saba hulala bara, ng'ambo ya maji. Milango ya kwenda huko tangu zamani ni mitatu: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, na Changamwe upande wa magharibi.

Likoni jina lake lasimulia kazi yake, maana liko ni mahali vyombo vifikapo pwani kupakia na kushusha. Feri zimevusha watu hapo tangu mwaka 1937. Upana wa maji ni kama nusu kilomita tu, lakini kina chake ni kirefu, na meli kubwa ziendazo bandari ya Kilindini hupita papo hapo. Alfajiri huja makarani, makuli, wanafunzi na akina mama wa Kidigo wenye vikapu vyao. Aendaye kwa miguu halipi kitu. Mwenye gari hulipa. Lango likifungwa na mgeni akaona kwamba feri ingali na nafasi, asinung'unike. Tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko jirani cha Mtongwe, feri iliyochukua watu kupita kiasi chake ilipinduka karibu kabisa na ufuko, wakafa watu 272, wengi wao wakienda kazini. Kungojea zamu ya pili ni hasara ya dakika chache.

Kisauni nako kulifikiwa kwa mashua hata mwaka 1931, lilipofunguliwa daraja la kuelea la Nyali. Daraja la sasa, lililosimama juu ya nguzo, ni la mwaka 1980. Mara avukapo, mgeni humsikia kondakta wa matatu akiita, "Kengeleni!" Abiria hushuka, wala si wengi wanaoiuliza kengele hiyo ni ya nini. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya kushurutishwa na Waingereza, ambao mjumbe wao alikuwa Bartle Frere. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha hapo Kisauni kijiji cha watu waliookolewa majahazini, nacho kikaitwa Freretown. Walikuwamo Wayao, Wanyasa na Wamakua, watu waliotengwa na jamaa zao wasipate kuwaona tena. Walipewa mashamba, wakajenga nyumba, wakasoma. Na kengele ilitundikwa ili ipigwe endapo wenye kuteka watu wangewajia tena. Leo malori ya mboga na matunda hupita jirani yakielekea soko kubwa la Kongowea, na jina la kengele limebaki kuwa kituo cha gari.

Changamwe ni jina la kale kuliko reli. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu miongoni mwa yale kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Lakini reli ndiyo iliyoigeuza sura ya nchi hiyo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikavuka Makupa, ikapita Changamwe, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwa njia hiyo hiyo wakaja watu wa bara kutafuta kazi: Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengineo. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi hapo mwaka 1963, kikaacha kusafisha mwaka 2013. Uwanja wa ndege uko upande huo. Na mbele kidogo, Miritini, ndiko kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Wachongaji wa Kikamba nao huchonga vinyago vyao huko, ambavyo wageni huvinunua bila kujua vimetoka upande gani wa maji.

Kwa hiyo mgeni atakaye kuijua Mombasa yafaa aitazame jioni, kazi ziishapo. Aliyemwandikia stakabadhi ofisini, aliyempikia chakula hotelini na aliyempakulia mzigo gatini, wote watatu huenda anawakuta wamesimama katika msafara mmoja, wakingojea kuvuka kwenda kwao. Asiwaage kivukoni. Avuke pamoja nao.